Solfège ya Tata Tharcisse Yenye Komanda Alishindwa Kukataza

Bandugu, Tata Mukendi Tharcisse alizaliwaka tarehe 3 Aprili 1948 mu cité ya Kapata, inje ya Kolwezi. Baba yake, Tata Muamba, balimuletaka toka Kasai kutumika mu mine ya shaba.

Alisomaka ku mission mpaka 1964. Calcul, ni kusema hesabu, ilimushinda. Lakini solfège, kule kuimba noti za do-re-mi, wee! Chorale yote ilikuwa inamungojea atoe noti.

Tangu 1970 alitumika ku fonie ya mission, ile radio ya kusema na batu ba mbali. Shida, kila mwenye fonie alikuwa anasikia mambo ya benzake. Ndio Tata akafundisha bachorale: kila herufi, noti mbili za kuimba. Kila famille inachagua wimbo wake wa kufungulia, wenye kuonyesha noti gani ni herufi gani. Kama hauujue, unasikia tu mi-sol, la-do. Ikaenea Lubudi, Kasaji, mpaka bamama ba soko.

Mu 1974 aliomba kuoa Mama Ndaya kwa ile solfège. Yaya yake Ndaya, ndugu yake mukubwa, akajibu ku fonie, wazi kabisa: «Shemeji, acha do-re-mi, leta mbuzi!» Alileta mbili.

Mu 1993, wakati batu ba Kasai balikuwa banafukuzwa huku kwetu, komanda mumoja akaingia mu chumba ya fonie ya mission.

«Solfège ni marufuku! Kila famille iniletee wimbo wake.»

«Na wa kwako, komanda?» Tata akamuuliza. «Mama Jocelyne, bibi yako wa ndoa, anaimbiaka mama yake wa Kasaji kila juma.»

Batu bakacheka. Komanda akabeba mashini ya fonie, akaenda nayo.

Lakini fonie haikukuwa moja. Siku Mama Ndaya na batoto balikuwa ku gare kungojea treni ya Kasai, Kabemba wa chorale ya Lubudi akaimba ku fonie ya muchuruzi: njiani kuko batu na mapanga, musipande treni ya leo. Tata akasikia, akakimbia ku gare. Basoda ba komanda bakamuzuia ku mulango. Kupiga kelele kungemuua. Akasimama inje ya ukuta, akaimba noti kwa wimbo wa nyumba yake.

«Muzee anaomba Mungu, mumuache,» soda mumoja akasema.

Ndani, Mama Ndaya akashusha batoto, akaambia jirani. Kila mutu akaimbia bake kwa wimbo wa kwabo. Treni ikaenda tupu. Komanda angefunga nani, gare nzima? Nyuma ya ile siku, Tata na bake balisafiri salama mpaka Kasai, bakarudia hapa Kolwezi mu 1999.

Toka 2010 ugonjwa wa sukari ulimukamata miguu. Alituacha tarehe 12 Februari 2012, mukono wake mu mukono ya Mama Ndaya.

Anaacha Mama Ndaya, batoto Dady, Stéphanie na Tatiana, na bajukuu kumi na mumoja. Mubaangalie vizuri, bazima bote. Solfège banaijua bote, na hakuna mukubwa wa serikali mwenye ataiondosha mu binywa byabo.

Mungu amupumuzishe Tata yetu.