Gari la Bluu Lenye Buti Kubwa

Kijiwe chetu kiko Karatu mjini, pembeni ya gereji ya Dauda, chini ya turubai la kijani ambalo enzi zake lilikuwa hema la watalii. Benchi ni kiti cha nyuma cha Landkruza iliyokwishakufa, na kahawa ni ya Salha. Ukiniondoa mimi, wa kudumu ni watatu. Kuna Dauda mwenyewe, fundi anayeinamia injini kama daktari anayesikiliza kifua. Kuna Mzee Tariq, tunayemwita Kifungu, karani mstaafu ambaye kwa miaka thelathini na moja, kwa maelezo yake mwenyewe, hakukosea fomu hata moja. Halafu kuna Lekoko wa Ngorongoro, dereva wa watalii, ambaye jina lake la kijiweni ni Simba Kushoto, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyatamka mara nyingi zaidi maishani. Asubuhi ile ya Machi, mbele yetu palikuwa na gari dogo la bluu la kufunguka paa, mtumba, viti vinne. Dalali mmoja, Matano, alilileta jana yake kutoka Arusha, na alitaka jibu kabla ya adhuhuri. Lekoko alikuwa na bahasha ya kaki kwenye mfuko wa shati: fedha za madume manne ya ng'ombe, yaliyouzwa mnadani. Mkewe, Seenoi, alikuwa amemwambia kwa upole kabisa arudi na kitu cha kuleta riziki, la sivyo arudi na madume.

— Hili litabeba maharusi, alisema Lekoko. Baada ya Pasaka pale Rhotia ni harusi kila Jumamosi. Bibi harusi anakaa nyuma, anapunga mkono, shela inapepea, barabara nzima inamwona. Kwenye teksi anaonekana kama mgonjwa anawahishwa.

— Sema ukweli, Simba Kushoto, alisema Salha akimmiminia. Unalitaka mwenyewe.

— Nalitaka, ndiyo. Miaka kumi na tisa naendesha watu wamesimama, vichwa nje ya paa, wanakula upepo. Mimi chini nakula vumbi na kutazama soksi zao. Na mimi nataka upepo, dada.

— Injini haina neno, alisema Dauda. Nimeisikiliza jana, nimeisikiliza leo. Tairi zina meno. Ila kilichonimaliza ni buti! Kagari kadogo vile, nimepakia magunia mawili ya vitunguu vya Mang'ola na bado nafasi inacheka.

Matano alitabasamu kama vile buti hilo alilichimba kwa mikono yake.

— Gari nyingine za namna hii, kaka, hata begi la mkononi halikai. Hili ni la pekee.

— Tatizo ni kadi ya gari, alisema Kifungu, akaivaa miwani yake.

— Kadi ina nini, mzee wangu? Matano aliuliza haraka.

— Haina kitu, na hapo ndipo penye tatizo. Kuna sehemu ya rangi. Kuna sehemu ya viti. Uzito upo. Ya paa haipo. Aliyetunga fomu hii alidhani paa ni jambo la kawaida. Sasa ukifika geti la Ngorongoro wewe ni nani? Uko ndani ya gari au uko nje?

— Nimekaa kwenye kiti, mzee!

— Hata mtu wa bodaboda amekaa kwenye kiti. Mbuga ina sheria: usitoke kwenye gari. Gari lisilo na juu, umetoka hujatoka? Hapo itabidi iundwe kamati.

— Kamati itachelewa, alisema Dauda. Nyani atakuwa ameshaingia siti ya mbele.

— Nyani akikaa siti ya mbele ni abiria. Abiria bila mkanda, anayeandikiwa kosa ni dereva.

— Na twiga akishusha shingo?

— Twiga ni mzigo uliozidi kimo.

— Jamani! alisema Lekoko. Nani kasema naenda kreta? Naenda Rhotia, kanisani!

— Na paa lenyewe je, umelikagua? nikauliza mimi, nisije nikaonekana nimekuja kunywa kahawa tu.

Lekoko aliweka kikombe chini. Hapa tuligusa taaluma yake.

— Mwandishi, usinifundishe paa. Paa baya ni lile linalogoma kufunguka. Niliwahi kugomewa Ndutu, chui yuko juu ya mti, wageni sita wanalisukuma kwa vichwa mpaka chui akatuhurumia, akashuka. Hili liko wazi tangu jana. Limegoma?

— Halijagoma, tulijibu wote, akiwemo Matano.

Ndipo bodaboda ikasimama. Alishuka mama mwenye kitenge cha njano, Selestina wa Endamarariek. Binti yake, Lilian, alikuwa anaolewa Aprili, na Lekoko alikuwa amemwita aje alione gari, awe mteja wa kwanza. Alimwamkia Kifungu, akatusalimia sisi wengine kwa mkupuo, akalizunguka gari mara moja.

— Zuri, alisema. Kama la kwenye televisheni. Hebu lifunge nilione.

— Kulifunga? aliuliza Lekoko.

— Si Aprili, baba? Kwetu mvua inanyesha kutwa.

— Ni swichi tu, mama, alisema Lekoko, akaingia, akabonyeza.

Pakasikika mlio wa nyuki ndani ya kopo. Nyuma ya viti vikainuka vyuma viwili vyembamba, vikasimama hewani kama mikono ya mtu anayeomba mvua, vikatulia. Havikuwa vimeshika chochote.

— Paa lenyewe liko wapi? aliuliza Selestina.

Kifungu aligeuza kadi akatazama nyuma. Dauda, ambaye ametibu nusu ya magari ya wilaya hii, alikuna shingo.

— Fundi, Salha alisema polepole, likifunguliwa huwa linakunjwa linakaa wapi?

— Kwenye buti, alijibu Dauda, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Sote tukageuka kutazama buti. Magunia mawili ya vitunguu yalikuwa yamelala humo kwa raha zao.

— Mimi nililikuta hivihivi, alisema Matano. Wenye gari walionitangulia, wote watatu, walikuwa Dodoma. Kule mvua ni ya kuhesabu, nani anakumbuka paa?

Lekoko alibaki kwenye usukani. Upepo wa kutoka Oldeani ulimpiga usoni, naye akafumba macho. Kisha akafunga kifungo cha mfuko wenye bahasha, akashuka, akamsaidia Dauda kushusha vitunguu.

— Sasa mwanangu atapanda nini? aliuliza Selestina.

— Aprili bosi hana wageni, mama. Nitamwomba Landkruza. Nanyanyua paa, Lilian anasimama katikati, shela nje. Watamwona mpaka Buger.

— Mvua ikija?

— Anakaa, naliangusha. Hilo nalijua kulifunga.

— Na wewe na upepo wako?

— Nitafungua dirisha, alisema Lekoko.

Salha aligeuza birika, likadondosha tone moja na kuishia hapo. Upande wa Rhotia, ambako ndiko njia ya Arusha, wingu lilikuwa limekaa jeusi. Matano alilitazama wingu. Akalitazama gari. Kisha akainua macho taratibu kwenye turubai letu la kijani.

— Usithubutu, alisema Salha.