Mwalimu Aliyeuliza "Nani Kasema?"

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Mama alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na siku alipofungua kinywa akaanza na swali. Marehemu alitaka sentensi hiyo ifutwe. Maana wasifu huu aliupitia mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, kalamu mkononi, na pembeni ya sentensi hiyo akaandika: "Mama alikuwa anatia chumvi." Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayesoma hapa mbele yenu, ameiacha. Ni hapo tu alipomkaidi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1974, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1989 katika somo la Kiingereza. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, treni ya mizigo ilianguka karibu na nyumbani. Baba alileta magazeti mawili. Moja lilisema dereva alikuwa amelewa, jingine likasema reli zilikuwa zimechakaa. Yule dereva alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta, na mtoto akamuuliza baba yake lipi ni kweli. Baba akajibu, "Sijui, mwanangu. Ila hapa hakuna mwandishi aliyekanyaga." Marehemu alikuwa akisema kwamba siku hiyo aliondokewa na heshima ya maandishi, akapata heshima ya kuuliza.

Januari 1990 aliajiriwa katika sekondari ambayo hakuihama hadi alipostaafu. Wengi mliopo hapa mmekaa katika darasa lake, lile la mwisho karibu na vyoo, lenye madirisha yaliyozibwa kwa maboksi na ukuta mzima umebandikwa vipande vya magazeti, matangazo ya sabuni na vipeperushi vya wagombea. Juu ya ubao kulikuwa na maswali matatu yasiyofutwa: Nani kasema? Kajuaje? Kaacha nini? Ndiyo maana mkamwita Nani Kasema, na yeye akaitika.

Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza, na alikifundisha hasa. Lakini alishikilia kwamba mtoto anayejua sarufi bila kujua anadanganywa vipi ni sawa na mtu aliyepewa kisu akashika upande wa makali. Akiwaletea tangazo la sabuni inayoondoa madoa yote, aliuliza ni nani aliyemaliza kuyajaribu madoa yote ya duniani. Aliwapeleka uwanjani kutazama mpira, kisha akawataka waandike mechi ile ile mara tatu: kama shabiki wa walioshinda, kama shabiki wa walioshindwa, na mara ya tatu yale tu waliyoyaona kwa macho. Insha ya tatu ndiyo iliyowatoa jasho. Binti mmoja aliwahi kuandika kwamba bibi yake ni mzuri kama malaika. Mwalimu akamrudishia daftari. "Malaika umemwona wapi? Bibi yako umemwona. Niandikie mikono yake." Binti huyo sasa ni wakili, na anasema insha ile ya mikono ya bibi ndiyo kitu cha kweli cha kwanza alichowahi kuandika.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na fundi redio mwenye kibanda karibu na ofisi ya posta. Shemeji yetu ni mtu mpole, asiyesema neno kama bisibisi inaweza kulisema. Mke wake alipenda kumtania mbele za watu: "Huyu anatengeneza redio, mimi natengeneza wasikilizaji. Tuone nani atapata hasara." Walijaliwa mtoto wa kike na wa kiume.

Ndugu waombolezaji, hapa wasifu ungeweza kuruka hadi kwenye ugonjwa, na wapo walioshauri hivyo. "Msibani si mahali pa kufukua mambo," alisema mjumbe mmoja wa bodi ya shule, juzi, akiwa amekalia kiti chetu. Familia imekataa.

Mwezi Mei 2021, kipindi cha kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, kulizagaa kwenye simu ujumbe uliodai kwamba dawa hizo zinafunga uzazi wa wasichana. Marehemu aliuleta darasani. Aliusoma wote kwa sauti, kama ulivyoandikwa, kisha akawapa wanafunzi kazi ya kuuchambua kwa Kiingereza: nani kasema, kajuaje, kaacha nini. Makamu mkuu wa shule alikuwa ameweka kamera nyuma ya darasa kwa ajili ya wakaguzi. Alikata kipande kile cha kusoma tu, kinachoishia na maneno "msikubali watoto wenu wameze", akakirusha kwenye kundi la walimu. Baadaye alisema ulikuwa utani. Kufikia jioni utani huo ulikuwa umefika sokoni.

Wazazi wakawazuia watoto wao kumeza dawa. Watu wa afya wakaja juu. Na redio ya mji ikarusha sauti ya marehemu kutoka kipande kile asubuhi nzima, ikimwita mwalimu mpotoshaji. Mtangazaji alikuwa mwanafunzi wake, tena yule ambaye marehemu aliwahi kumpa zawadi ya uandishi bora.

Bodi ikamwita. Mdogo wake alimsindikiza, akaketi kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Alisikia yote.

"Video tumeiona, mwalimu," alisema mwenyekiti.

"Mmeiona yote?"

"Tumeona inayotosha."

"Inayotosha nini, mwenyekiti? Kunihukumu?"

"Mwalimu, usianze maswali yako hapa."

Akasimamishwa kazi siku hiyo. Video kamili ilikuwa kwenye kompyuta ya makamu mkuu, vyumba viwili kutoka walipoketi, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuitazama. Watu wazima tisa, wengine wana digrii. Mama mmoja aliyesomeshewa mabinti watatu na mwalimu huyu alimgeuzia mgongo kwenye foleni ya maji. Kibanda cha shemeji kikakosa wateja. Marehemu alirudi nyumbani, akafua mapazia ya nyumba nzima, na hakulia mbele ya mtu.

Alimpigia simu yule mtangazaji. Mdogo wake alikuwepo.

"Mwanangu, mbona hukunipigia kuniuliza?"

"Mwalimu, habari ilikuwa imeshasambaa. Tusingeirusha sisi, wangeirusha wengine."

"Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?"

Kijana akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Waliomwokoa ni wanafunzi. Kidato cha tatu kizima, kila mmoja kwa mkono wake, waliandika walichokiona darasani siku ile, kwa mtindo wa insha ya tatu, bila kumsifu mwalimu wala kumtukana mtu. Wakagoma kuingia madarasani hadi maandishi hayo yasomwe na video nzima itazamwe. Ilitazamwa mwezi Septemba. Akarudishwa kazini kwa barua ya mistari mitatu, isiyo na neno "samahani". Redio haikusema kitu. Makamu mkuu alihamishwa, akapandishwa cheo. Marehemu alifundisha mihula miwili zaidi katika darasa lile lile, akastaafu kwa hiari mwezi Juni 2022, afya ikiwa imeshaanza kumkimbia.

Alikuwa na kisukari tangu mwaka 2012. Mwanzoni mwa 2022 figo zilianza kushindwa, na kuanzia mwaka uliofuata akawa anasafishwa damu hospitalini kila wiki. Akiwa amelazwa mwezi Agosti, mtu alitangaza kwenye kundi la simu la mtaa kwamba ametutoka. Watu wakamwaga rambirambi. Mgonjwa akaomba miwani, akasoma zote kwa utulivu, kisha akaandika: "Bado. Nani kasema?" Wauguzi walicheka hadi daktari akaja kuuliza kuna nini.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema: "Walimuua." Mdogo wake aliiandika akiwa na hasira, akaisoma pembeni ya kitanda. Marehemu akanyoosha mkono akataka karatasi.

"Futa hiyo."

"Dada, sifuti. Walikuua."

"Kisukari nilikuwa nacho kabla yao. Daktari hajasema hivyo. Wewe umejuaje?"

"Nimejua kwa sababu nimekuona!"

"Basi andika ulichokiona. Andika walichofanya, mmoja mmoja, halafu nyamaza. Na hivi vivumishi vyote, mpendwa, mwadilifu, mcheshi, punguza. Ukivijaza, mimi sitapata pa kukaa."

Kwa hiyo haijaandikwa kwamba walimuua. Yameandikwa waliyoyafanya. Hasira haikufutwa, hiyo hakuikataza.

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, asubuhi, kwa figo kushindwa kufanya kazi, mume wake akiwa amemshika mkono. Yale yanayosemwa kwamba alikufa kwa aibu, au kwa kujidhuru, ni uongo, na mnaoyasambaza mnajijua. Aibu haikuwa yake.

Alhamisi yule mtangazaji alifika nyumbani, amevaa suti nyeusi, kinasa sauti mkononi. Alitaka picha na maneno machache ya kumuenzi mwalimu wake hewani. "Mwalimu aliugua nini hasa?" akauliza. Mdogo wa marehemu akamwambia, "Leo ndiyo unauliza." Kisha akamwambia kwamba picha hapewi, wala neno, mpaka aseme hewani ile habari ya pili, ya kuisahihisha ile ya kwanza, ambayo mwalimu aliisubiri miaka miwili. Kijana akaondoka bila kuaga.

Jana asubuhi, kati ya matokeo ya mpira na tangazo la magodoro, aliisema. Alisema video ilikatwa, kwamba mwalimu alikuwa akiupinga ujumbe ule, na kwamba yeye mwenyewe hakuuliza. Shemeji, aliyekuwa ameponyoka msibani kwa saa moja, aliisikia kibandani, kwenye redio ya mteja aliyokuwa akiitengeneza. Aliacha bisibisi, akaongeza sauti hadi mwisho, akafungua mlango wa kibanda ili barabara nzima isikie. Familia inaiweka habari hiyo kwenye kumbukumbu. Haitoi shukrani.

Marehemu ameacha mume, binti, ambaye ni muuguzi, mwana, ambaye ni fundi wa kuchomelea, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, mkwe mmoja, na wanafunzi wa miaka thelathini na miwili, ambao baadhi yao wamesimama hapa leo wakiwa wameinamisha vichwa, na wanajua kwa nini.

Dada yetu, lala. Amani tuliyokunyima tukikuona, Mungu akupe tusipokuona.