Nani Bado Hatujamuuliza

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita. Alijifunza kutambaa, na baadaye kutembea, kwenye baraza ya wagonjwa. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu hakunyonya maziwa tu, alinyonya na harufu ya dawa."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967, kisha sekondari, na mwaka 1982 akamaliza chuo cha afya. Akawa bwana afya, wa baiskeli na kofia, akikagua vyoo na visima.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani. Siku ya kwanza alipofika kwao aliuliza maswali mengi mno, hadi binti akamkatiza: "Kaka, umekuja kuposa au kupeleleza?" Akajibu, "Vyote viwili." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1999 alichaguliwa kwenda mafunzo ya miaka miwili ya kuchunguza milipuko ya magonjwa. Darasa lao lilikuwa vijiji vyenyewe. Mlipuko wake wa kwanza ulikuwa wa kuhara. Alipita nyumba hadi nyumba asubuhi, akauliza maji yanatoka wapi, na wenye nyumba wote wakamwambia, kisima cha bibi mjane. Akakifunga kwa mnyororo. Watu wakaanza kumkwepa yule bibi kana kwamba ameua.

Lakini wagonjwa hawakupungua. Siku ya tisa akafa mtoto wa kike wa miaka minne.

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Mdogo wake wa kike, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akipepeta mchele.

"Kaka, uliongea na nani huko?"

"Na wenye nyumba."

"Wanaume?"

"Ndiyo. Wanawake walikuwa shambani."

"Basi hujaongea na mtu. Mwanaume anaujua mtungi. Nani kaujaza, na wapi, atajulia wapi?"

Jioni ile ile akarudi. Wanawake wakamwambia kuwa kamba ya kisima ilikatika wiki mbili nyuma, wakawa wanachota kwenye bomba lililopasuka ndani ya mtaro wa machinjio. Bomba likazibwa, ugonjwa ukakoma.

Kisha akaitisha mkutano, akafungua mnyororo kwa mkono wake, akasema mbele ya wote, "Nimekosa." Akanywa kikombe cha kwanza. Bibi mjane akamtazama, akasema, "Kunywa na kingine, mwanangu. Hicho kilikuwa cha serikali, hiki ni changu."

Kuanzia hapo, kila daftari lake lilianza na mstari mmoja: Nani bado hatujamuuliza? Alipokuja kuwa mkufunzi, kwa miaka kumi na sita, hakupokea ripoti isiyojibu swali hilo. Vijana walimwita Mzee Nani. Wapo leo katika wilaya nyingi, na wengine wamembeba hapa mabegani.

Alistaafu mwaka 2019. Mwaka 2022 figo zikaanza kumsumbua. Alivumilia kwa sala, akiwahoji wauguzi zaidi kuliko walivyomhoji yeye. Januari mwaka huu alimwambia mkewe, "Mama watoto, kuna mmoja sijamuuliza." Alikuwa mama wa yule mtoto wa miaka minne aliyekufa kwa kuhara. Kwa miaka yote hiyo marehemu alikuwa akiizunguka nyumba ya mama huyo, asithubutu kubisha hodi.

Mkewe alimfuata, akaja naye. Marehemu akamwuliza kama anaweza kumsamehe. Mama yule akamshika mkono.

"Baba, mimi nilikuwepo siku ile ulipokunywa yale maji. Nilikusamehe pale pale. Nilidhani unajua."

Akalia, kisha akalala vizuri, mara ya kwanza kwa majuma mengi. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, wanafunzi wake, na mama huyo, ambaye familia imemwomba akae nasi mstari wa mbele.

Mwenyezi Mungu ampokee, wala asimuulize mengi; mwenyewe alikwisha kujiuliza. Alale salama.