Konje ya Onesphore

Sikilizeni, Basile na Noella wanangu. Sogezeni viti karibu, maana sauti imeanza kuniacha na sitasema mara mbili. Huu mto wa kichwa niinulieni kidogo. Hapo.

Nyumba hii ya Kasenga ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake. Mashini yangu nyeusi ya kushonea achukue Noella. Atelie yetu ya ushonaji pamoja na mashini sita zilizobaki, Basile aongoze. Lakini mle ndani kuna kitu kimoja ambacho si changu wala si chako, Basile, nacho ni konje za wafanyakazi, likizo zao za kila mwaka. Jana nilikusikia pale mlangoni, ukidhani nimelala, ukimwambia dada yako kwamba mwakani utawapa pesa kidogo badala ya mapumziko, kwa kuwa Julai na Agosti ni miezi ya yunifomu za shule na huwezi kukaa bila mkata vitambaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mwanangu. Nami niliwahi kushiba hivyohivyo.

Mkata vitambaa wetu Onesphore alipoanza kazi, wafanyakazi wote niliwapangia konje Aprili, kwa sababu Aprili mvua inapiga na wateja hawaonekani. Nikajiona mwerevu sana. Wenzake wa hapa mjini waliona sawa tu, wakaziba mapaa yao, wakalala. Yeye kwao ni Rurambo, huko juu milimani, na Aprili njia ya kwao inabomoka, hata pikipiki haipandi. Basi siku zake za konje nikamkuta amekaa barazani kwetu, anapachika vifungo bila kuombwa. Mwaka wa pili vilevile. Nikamsifu mbele ya wote, nikasema tazameni mtu anayependa kazi. Miaka saba nilimsifu, na miaka saba alininyamazia, maana hakulelewa kumkosoa anayemlisha. Naona haya mpaka leo.

Mwaka wa nane, Agosti, mama yake akashuka kwa miguu, siku mbili njiani, na kibuyu cha maziwa mgongoni. Nilimpa kiti, akakikataa. Akasema, "Minye nilikuja kuona kama mutoto wangu iko muzima. Na kama iko muzima, nilitaka kuona muntu mwenye alimufunga." Hakupaza sauti. Nikaanza kumweleza habari za Aprili na wateja, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na weye, mama yako iko ku mulima gani?" Mama yangu alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka hapa. Halafu akafungua kile kibuyu, akanimiminia mimi kwanza, kabla ya mwanawe. Katika maisha yangu sijamstahi mtu kama nilivyomstahi yule mama.

Siku ileile nilimwambia Onesphore apande naye. Yunifomu mia nne zilikuwa zinangoja, na Bahati, fundi jirani yetu, alinicheka mbele ya wateja wangu. Kicheko kile nimekibeba moyoni miaka yote, leo namsamehe, mwambieni. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Olive, ambaye nilikuwa namwachia mifuko tu ya kushona, alishika mkasi akakata zote, na hakuharibu hata moja. Mwaka uliofuata tulianza kukata tangu Mei, na kila mmoja akachagua mwezi wake, akauandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma. Kuna wa Noeli, kuna wa kuvuna mpunga, na Onesphore huandika Julai, njia ikiwa kavu. Akirudi anafanya kazi ya watu wawili. Mimi nimewavisha watu wa mji huu miaka thelathini, Basile, ila sifa ya atelie hii wameishona wale. Nawapenda, na ningependa uwapende.

Kwa hiyo ule ukuta usiupake rangi. Konje ya mtu usiinunue. Wala usimpe mtu mwezi ambao njia ya kwao imefungwa.

Noella, maji. Kidogo tu... asante, mama.

Leo ni Julai, Onesphore ameondoka Jumanne. Basile, naiona hiyo simu. Unataka kumpigia ashuke, kwa ajili yangu na kwa ajili ya vitambaa. Iweke chini. Mama yake siku hizi haoni, anamtambua kwa kumshika uso. Nizikeni bila yeye. Nguo ya kunizikia aikate Olive, mkono wake nauamini. Onesphore akirudi, mwambieni nilikufa nikimsifu, na safari hii nilijua ninachokisifu.

Njooni niwashike vichwa. Mungu awape mikono isiyochoka... awape na watu wema wa kufanya nao kazi, kama alivyonipa mimi. Mpendane. Pumzi... pumzi imekuwa fupi.

Basile. Ana siku kumi na tisa bado. Mwache azimalize.