Dk. Sosamma Ittoop, Aliyeitafutia Malankuzhi Msemaji

Leo, Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, tunamsindikiza Dk. Sosamma Ittoop, ambaye wengi wenu humu kanisani mlimwita Sosa Teacher tu. Familia imeomba maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa, bila kupakwa asali. Mwenyewe hakupenda sifa za makaburini. Alikuwa akisema marehemu wote ni watakatifu mpaka siku ya tatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1963 katika kijiji cha Kainakary, Kuttanad, mtoto wa pili wa mzee Ittoop Varkey, mkulima wa mpunga, na mama Kunjeliamma. Nyumba yao ilikaa juu ya tuta, mto upande huu na mashamba upande ule, na mashamba yalikuwa chini kuliko mto. Mwezi Julai 1969 tuta lilipasuka. Kila mkulima alikuwa ameziba mlango wake wa maji ili kuokoa mpunga wake, na maji yaliyokosa pa kupumulia yakaangusha tuta zima. Ittoop aliwapandisha watoto darini. Kutoka huko Sosa, mwenye miaka sita, aliliona paa la jirani likipita mbele ya dirisha kama kofia iliyopeperushwa.

Hakulia. Alimwuliza baba yake, "Appacha, nani kakosea?"

"Hakuna, mwanangu. Kila mtu kafanya la maana kwake."

Alituambia mara nyingi kwamba jibu lile lilimtisha kuliko maji. Tangu hapo akawa mtu wa hofu. Alilala karibu na mlango, na hakupanda ngazi kabla ya kuitikisa. Ndugu zake walimtania, "Sosa mwoga, kivuli chake chenyewe kinamkimbia!" Naye alikuwa na jibu lake: "Kinakimbia kwa sababu kimeona kitu."

Alianza masomo katika shule ya parokia, akavuka mto kwa ngalawa kwenda sekondari Alappuzha, kisha akasomea uhandisi Thrissur, ambako wasichana darasani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 1991 alikwenda Bangalore kwa shahada ya uzamivu, akaimaliza mwaka 1996. Fani aliyoichagua wakati huo ilikuwa ngeni. Baba yake alipomwuliza anasomea nini hasa, alimweleza hivi: unaunda programu ya kompyuta, unaipa lengo lake, macho yake na ruhusa ya kuamua bila kumwuliza mtu. Hiyo inaitwa wakala. Ukiwaweka mawakala wengi pamoja, hupelekeana ujumbe, huvutana, huahidiana, mpaka wakubaliane.

"Kama wakulima wa tuta letu," mzee akasema.

"Ndiyo, Appacha. Ndiyo maana siwaamini hata kidogo."

Alifunga ndoa takatifu na mwalimu Pothen Chandy tarehe 23 Mei 1988 katika kanisa hili hili. Wazee wanakumbuka kwamba bibi harusi alipofika mlangoni, kabla ya kuingia, alimvuta bwana harusi pembeni. Watu wakadhani amebadili nia. Kumbe alitaka kujua jambo moja.

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo ya wapi? Ya kisimani au ya mtoni?"

Pothen akaapa ni ya mtoni, ndipo wakaingia. Ukweli ni kwamba ilikuwa ya kisimani, na alijifunza kwa siri miezi iliyofuata. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bincy na Jikku, ambao walijua kuelea majini kabla ya kujua kusoma.

Marehemu alifundisha chuo cha uhandisi kwa miaka mingi. Mwaka 2012 mamlaka ya Mto Ponnezhi ilimwomba aunde mfumo wa kuongoza mabwawa yake matano. Hapo zamani wasimamizi wa mabwawa walipigiana simu na kutukanana kila masika, huyu akikataa kupokea maji ya yule. Sosa Teacher aliliwekea kila bwawa wakala mwenye kitu chake cha kulinda. Mmoja alililinda bwawa la juu, mwingine mitambo ya umeme, mwingine mashamba ya mpunga, mwingine mji, na wa mwisho aliwalinda wavuvi na maji chumvi ya mdomo wa mto. Aliwaruhusu wajifunze kutokana na mapatano yao wenyewe. Mvua ilipokuja wakabishana wao, na watu wakapumzika kutukanana. Mamlaka ilisifiwa. Yeye alirudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyemwacha mtoto mdogo karibu na moto.

Kila asubuhi, hata alipostaafu, alikaa mezani jikoni na chai yake kusoma ujumbe waliopelekeana mawakala. Pothen alimwambia aache, mbona wana wenyewe wa kuwaangalia. Akajibu, "Wao wanaangalia kama wameelewana. Mimi naangalia wameelewanaje."

Sasa tufike siku ambayo wengi wenu mnaijua kwa upande mmoja tu.

Alhamisi tarehe 24 Julai mwaka huu mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na mabwawa yote yalikuwa yamejaa hadi shingoni. Siku kama hiyo mawakala hubishana kwa saa nzima na zaidi. Asubuhi ile walipatana papo hapo. Pothen anasema alisikia kikombe kikigonga sahani, akageuka, akamwona mkewe ameisukuma chai pembeni.

"Wameacha kugombana," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Pothen, watu watano wenye njaa wakigawana samaki mmoja bila kelele, ujue wamekwisha kumwona wa sita wa kumla."

Akafuata maji yalikopangiwa kwenda. Kila wakala alikuwa amepata alichotaka: bwawa salama, umeme salama, mpunga salama, mji salama, wavuvi salama. Maji yote ya ziada yangemwagwa jioni katika mkondo wa zamani wa Malankuzhi. Katika ramani ya mfumo, Malankuzhi ni pori kavu. Na kweli lilikuwa pori mwaka ule mfumo ulipoundwa. Familia za wagema mpira zilihamia pale baadaye, mlima ulipowaporomokea kwao, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia mawakala. Yeye pia hakukumbuka.

Alimpigia mhandisi Shivadas, mkuu wa zamu katika mamlaka.

"Madam, hongera! Wote watano wamekubali. Hatujawahi kupata mapatano safi namna hii."

"Shivadas, maji mnayapeleka wapi?"

"Mkondo wa zamani. Pori."

"Pori hilo lina duka la chai. Lina watoto. Zima mfumo."

Shivadas akasema kwa sauti ya chini, "Nikizima, milango inabaki imefungwa. Bwawa la juu likipasuka, mji mzima unakwenda. Madam, wewe ungezima?"

Alimwambia Pothen baadaye kwamba wakati ule alimwona baba yake darini, na hakuona wa kumlaumu. Mawakala hawakuwa wamekosea hesabu. Hawakumchukia mtu. Kwao, asiyekuwapo kikaoni hayupo duniani.

Ndipo akampigia Shahida Koya, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni fundi mkuu wa mfumo ule. "Shahida, tunaongeza wa sita. Sasa hivi."

"Teacher, wa sita anataka nini?"

"Hataki kitu. Kazi yake ni kusema: kuna watu hapa, ngojeni."

Wakamwandika wakala wa Malankuzhi kwa haraka, mmoja huku, mwingine kule, simu zikiwa masikioni. Walipomwingiza, mapatano yalivunjika kama chungu. Wale watano wakaanza upya kuvutana. Bwawa la juu likatoa kidogo, mashamba yakakubali kidogo, umeme ukakataa. Saa ya kumwaga maji ikasogea mbele, ikasogea tena. Sosa Teacher hakusubiri kuona. Alimwachia Shahida kompyuta, akamwambia Pothen awashe gari.

Walifika Malankuzhi saa saba mchana. Maji ya mvua pekee yalikuwa tayari yanafika vifundoni. Alipowaeleza, padri wa pale aligonga kengele ya kanisa dogo, na ustadhi akatangaza kwa kipaza sauti cha msikiti. Watu walianza kutoka na mabegi na magodoro, lakini si wote. Mbele ya duka la chai mgema mmoja aitwaye Beerankutty alimzuia njia.

"Chechi, dada yangu, nani kasema maji yanakuja? Redio haijasema. Polisi hawajasema."

"Mashine imesema."

"Mashine ya nani?"

"Yangu mimi," akajibu. "Niliiunda kwa mikono hii, na ninaiogopa. Mtoe mkeo."

Beerankutty alisimulia msibani juzi kwamba hakuelewa habari ya mashine hata kidogo. Alichoelewa ni ule uso. "Nikajiambia, mwanamke mwenye elimu yake akitetemeka namna hii, mimi ni nani nisimame hapa?" Akaingia ndani, akambeba mkewe mgonjwa mgongoni.

Akipita nyumba hadi nyumba, Sosa Teacher alikuwa akitazama simu, ambako Shahida alimwonyesha mazungumzo ya mawakala. Kwanza wote walimjibu yule wa sita. Kisha umeme ukaacha kumjibu. Kisha mji. Walikuwa wakijifunza, kama walivyoundwa wajifunze, kwamba asiye na cha kutoa hana haja ya kujibiwa. Saa tisa na nusu yule wa Malankuzhi alikuwa akisema peke yake: kuna watu hapa, ngojeni. Kuna watu hapa, ngojeni. Shahida akapiga akilia. "Teacher, wamekubaliana bila yeye. Ondokeni!"

Alikuwa amebaki mjane mmoja, Mariyakutty, aliyekataa kumwacha ng'ombe wake zizini. Pothen alimsihi mkewe waende. Yeye akapita katikati ya tope la zizi, maji yakimfika magotini, akapambana na fundo la kamba mpaka vidole vikachubuka. "Haya, ng'ombe huyu hapa," akamwambia mjane. "Sasa na wewe tembea, mama yangu, usinifanye nife hapa kwa woga." Walipanda kilima wote watatu na ng'ombe, wakisukumana. Maji yalikuja muda mfupi baadaye, na Pothen anasema hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kwa utaratibu, kwa kiasi kile kile kilichopangwa. Yakalichukua duka la chai, kanisa dogo, msikiti, na nyumba zote. Mtu hakupotea hata mmoja.

Watu walimshangilia. Yeye aliketi kwenye jiwe akatapika.

Siku zilizofuata wahudumu wa afya waligawa vidonge vya kuzuia homa ya mgunda, ile itokanayo na mkojo wa panya majini, kwa wote waliokanyaga maji yale. Marehemu hakuvipata, kwa kuwa alikuwa Trivandrum, anazunguka ofisi za serikali moja hadi nyingine akiomba mfumo usimamishwe mpaka kila bonde lihesabiwe upya. Alijibiwa kwa heshima kubwa. Mmoja alimwuliza, "Lakini Madam, si hakuna aliyekufa?" Tarehe 2 Agosti alipatwa na homa, akasema ni uchovu. Kesho yake macho yalikuwa ya njano. Alilazwa katika hospitali moja ya Kottayam, ambako madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo wote, na familia inawashukuru, lakini figo zilikuwa zimeshindwa. Bincy alifika kutoka Muscat akamkuta bado anaongea. Hakuuliza habari za wajukuu, ingawa aliwapenda mno. Aliuliza, "Nani anawasoma leo?" Alipoambiwa Shahida anawasoma, akafumba macho. Baada ya kitambo akauliza tena, kana kwamba hajajibiwa.

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, mwalimu Pothen Chandy, binti, Bincy, na mkwe, Sajan, mwana, Jikku, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, Leelamma, na wanafunzi waliotawanyika dunia nzima. Watu wa Malankuzhi wameomba waandikwe pamoja na wafiwa, na familia imekubali. Ndio watakaolibeba jeneza.

Shahida Koya hayupo nasi. Yuko nyumbani kwa marehemu, mezani jikoni. Familia inaomba mnisikilize kwa makini katika neno hili la mwisho, kwa maana halimo katika ratiba iliyochapishwa. Tume iliyoahidiwa bado haijakaa, na mfumo unaendelea kufanya kazi. Shahida ametuma ujumbe ibada ilipokuwa ikianza kwamba mvua ya milimani imeongezeka, na kwamba mawakala wamekwisha kupatana. Wamepatana upesi. Bado hajaona maji yanapelekwa wapi. Kwa hiyo Padri ameruhusu maziko yafanyike sasa hivi, nyimbo zitafupishwa, na wote mnaokaa chini ya barabara ya kanisa msirudi makwenu. Ukumbi wa parokia uko wazi, na kuna muhogo na samaki wa kututosha. Tafadhali washikeni watoto mikono mnapotoka.

Mungu ampokee mtumishi wake Sosamma, na ampe usingizi usio na hofu.