Wa Kwanza Kupanda, wa Mwisho Kushuka

"Wamemwandikisha Deja wangu shule bila kudai hati ya kuthibitisha tunakoishi!" Latrice, mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi la jijini Cleveland, Marekani, alimwambia mzee asiyemjua, nusura ammwagie kahawa. "Na basi la shule litamfuata pale pale makao ya wasio na nyumba!"

"Wenzake wakiona watamcheka, mama," akasema mzee, ingawa hakuulizwa.

"Thubutu! Asubuhi dereva anampakia wa kwanza, jioni anamshusha wa mwisho. Nani atajua?"

"Watoto hawafichwi kitu."

"Basi na wajue! Jumatatu yuko darasani!"

Basi liliposimama mbele ya makao, Latrice alishuka mbio, akicheka. Mimi pia nalala humo, ila kama kawaida yangu nikashukia kituo kinachofuata, nirudi kwa miguu.