Benchi la Mama Saa

Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na minne kazini, mwalimu wetu wa malezi anakabidhi ufunguo wa chumba namba tisa na kustaafu. Miaka kumi na mmoja ya mwanzo alifundisha darasa la kwanza. Ishirini na mitatu iliyofuata ameitumia katika chumba hicho chenye dirisha moja, meza moja na viti vitatu vya kimo tofauti, akishughulika na watoto ambao sisi wengine tulikuwa tumeishiwa mbinu za kuwasaidia.

Wanafunzi walimwita Mama Saa na jina likamganda. Haingii darasani bila saa mkononi, karatasi iliyopigwa mistari na penseli aliyoifunga kwa uzi shingoni. Hatafuti mkosaji. Anataka kujua mambo matatu: nini kilitangulia fujo, fujo ilichukua dakika ngapi, na mtoto alipata nini baada yake. Walimu wapya hudhani anawakagua wao. Mmoja wa hisabati alifundisha wiki nzima kwa umahiri ambao hatukuwahi kuuona, kumbe Mama Saa, pale nyuma, alikuwa akihesabu mara ambazo mtoto mmoja huinuka kwenye kiti. Alipoambiwa ukweli, mwalimu yule alisikitikia sauti yake iliyokauka bure.

Kazi yake haikuishia getini. Jioni alikwenda majumbani, akakaa jikoni na wazazi, akaanza kwa kueleza jambo jema aliloliona siku hiyo. Alikuwa akisema mzazi anayepigiwa simu kwa mabaya tu hujifunza kuzima simu.

Hata hivyo, kisa kinachoeleza kazi yake vizuri kuliko vyote ni kile alichokosea, na ametuomba tusikiruke.

Kwenye veranda ya chumba namba tisa aliweka benchi. Mtoto aliyepandwa na hasira alipelekwa pale apoe, badala ya kuchapwa. Walimu wa shule nyingine walikuja kuliona. Kisha akaja msichana wa darasa la tatu, ambaye wenzake walimwita Kimbunga kwa sababu ya kupindua madawati. Katika wiki nane alipelekwa kwenye benchi mara hamsini na mbili. Wazazi wa wenzake waliandika barua, na kamati ya shule ikapanga kukutana baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, kuamua kama aondolewe. Aliishi na bibi yake, na hakukuwa na shule ya karibu iliyokubali kumpokea katikati ya mwaka.

Mama Saa aliziomba wiki hizo mbili. Ya kwanza alikaa nyuma ya darasa na karatasi yake. Kati ya fujo saba, sita zilitokea dakika chache kabla ya zamu ya Kimbunga ya kusoma kwa sauti. Dawati likianguka, anapelekwa kwenye benchi. Akiwa kwenye benchi, zamu inampita.

Alikwenda kwa bibi. Bibi aliitazama ile karatasi kwa jicho la pembeni.

"Mwanangu, mimi nimelea saba bila karatasi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama. Huyu wa nane, kitabu kikifunguliwa, hufanya nini?"

"Hukimbilia chooni. Mwezi mzima nampa dawa ya tumbo!"

Jumatatu, Mama Saa alisimama kwenye chumba cha walimu na kusema kwamba benchi aliliweka yeye, na yeye ndiye aliyemfundisha mtoto yule kupindua madawati. Kisha yeye na mlinzi wa shule wakalibeba benchi hadi darasa la tatu, wakaliweka karibu na ubao.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kengele, Kimbunga alisoma na Mama Saa kwenye benchi mistari miwili, ileile ambayo angeisoma zamu yake ikifika. Jioni alimsomea bibi. Bibi aliagizwa asisahihishe chochote, aseme tu mstari upi umempendeza. Dawati likipinduliwa, aliyelipindua alilisimamisha mwenyewe, na zamu yake ilimsubiri.

Ijumaa kamati ililetewa karatasi. Fujo zilikuwa zimeshuka kutoka saba hadi tatu. Mwenyekiti aliuliza kama tatu si nyingi bado. Mama Saa alikubali kuwa ni nyingi, akasema Ijumaa ijayo ataleta hesabu nyingine. Alipewa hadi mwisho wa muhula. Wiki tatu za mwisho hazikuwa na dawati lililoanguka, na siku ya kufunga shule Kimbunga alisoma ukurasa mzima mbele ya wenzake. Alikwama mara nne. Darasa lilisubiri.

Benchi halikurudi verandani. Pale limeacha alama nne za miguu kwenye saruji, na walimu ishirini na sita aliowafundisha kutumia karatasi yake wameonyeshwa alama hizo kabla ya kuonyeshwa karatasi.

Kimbunga leo ni fundi wa maabara hospitalini. Tulimpelekea maandishi haya ili aridhie jina lake la utani litumike. Ameridhia, na amesahihisha jambo moja: anasema madawati yalikuwa mengi zaidi, mengine Mama Saa hakuyaona. Siku ya kuagana, yeye ndiye atakayesoma wasifu huu ukumbini, kwa sauti. Tulijitolea kumfupishia. Amekataa kupunguziwa hata mstari mmoja.

Mama Saa, siku hiyo saa iache nyumbani. Benchi lako tutalileta mstari wa mbele, ukae usikilize mpaka mwisho. Asante kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea afya njema, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.